Orodha ya Vitu vya Kuleta Shuleni

Fundi wa betri pale stendi ya Kawangware 46 ndiye aliyenitia hofu ambayo hadi leo haijanitoka vizuri, na wala hakujua. Nilikuwa nimeenda asubuhi kuchukua betri yangu ndogo, ile ninayowashia taa stima zikipotea huku Gatina, maana hupotea bila kubisha hodi. Alikuwa ameinamia betri ya gari la mtu, na kama kawaida yake mdomo ulifanya kazi kuliko mikono.

"Mwalimu, hii CBC yenu itatumaliza," akasema. "Jana kuna mathe alikuja hapa anataka asidi ya betri. Nikamuuliza ya nini, akaniambia ni homework ya mtoto. Nikadhani ananichezea. Akanitolea karatasi ya shule, iko na stampu. Nikaisoma mwenyewe."

"Ukampa?"

"Si imeandikwa? Nikampimia kidogo kwa chupa ya soda." Akacheka. "Lakini hiyo karatasi ni safi, mwalimu. Kiswahili mpaka mimi nimeelewa yote."

Sikucheka. Karatasi hiyo niliiandika mimi.

Niseme kwanza nilivyojiingiza. Nilifundisha sayansi miaka mingi, hadi magoti yakakataa kusimama kutwa nzima, nikaacha. Kisha mwalimu mmoja kijana, anayefundisha Gredi ya Saba katika shule ndogo ya mabati huko Kambi Muru, Kibera, akaja kwangu akiwa karibu kulia. Nusu ya darasa lake, alisema, wanasoma sayansi kama mtu anayekariri nambari za simu za watu asiowajua. Nyumbani ni Kikamba au Kiluhya au Kijaluo, njiani ni Sheng, na kitabu ni Kiingereza. Neno wanaweza kuliandika bila kosa, lakini ukiwauliza ni kitu gani, wanaangalia dari. Akaniomba nimwandikie kila somo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na maneno ya Kiingereza pembeni, kwa sababu mtihani utakuja kwa Kiingereza.

Nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Mimi mwenyewe nililelewa na mama Mkamba aliyetoka Kitui, na nilipita shule ya msingi nikiogopa sayansi kuliko mbwa. Niliweza kutaja sehemu zote za ua kwa Kiingereza, harakaharaka, mpaka siku niliyopewa ua lenyewe mkononi nioneshe sehemu moja tu. Nilijikojolea mbele ya darasa. Mtu aliyepitia hayo huwa hana subira na vitabu vinavyomficha mtoto kitu kilicho mbele ya pua yake.

Kwa hiyo nilikuwa na sheria yangu ya kutafsiri, na niliipenda mno. Kila kitu cha kigeni kilichomo kitabuni, nikipatie kitu ambacho mtoto amekigusa au amekiona kwa macho. Taa ya maabara ikawa jiko la makaa. Karatasi ya kuchujia ikawa kichungi cha chai. Mwalimu akawa ananiambia watoto wanang'ang'ania karatasi zangu, hata wa madarasa ya juu wanaziiba. Nilivimba kichwa. Sitajificha, nilivimba sana.

Halafu likaja somo la asidi na alikali. Kitabu kilikuwa na orodha mbili, kila moja ukurasa wake. Ya kwanza ilieleza mahali asidi na alikali zinapopatikana maishani: ndani ya ndimu, ndani ya siki, ndani ya sabuni, ndani ya betri ya gari. Ya pili ilikuwa ya vitu ambavyo mwanafunzi ataleta kutoka nyumbani ili avipime kwa maji ya maua, yale yanayobadilika rangi yakikutana na asidi au alikali. Shule ilikuwa na uwezo wa kutoa kopi ya ukurasa mmoja tu kwa kila mtoto, na mimi nilikuwa nimeshajaza ukurasa. Orodha mbili hazikuingia. Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, nikiwa nimeshiba na kujiamini, nikaziunganisha zikawa moja. Juu yake nikaandika: Vitu vya kuleta kutoka nyumbani. Na mwisho wa orodha, kitu cha tano, asidi ya betri.

Sikuona kitu. Niliisoma mara tatu, nikarekebisha nukta, nikaituma.

Na mtu asiyejua wazazi wa siku hizi hawezi kuelewa kwa nini niliogopa vile pale kwa fundi. Tangu mtaala huu mpya wa CBC uje, mzazi akipata karatasi ya shule yenye neno "leta", haulizi swali. Analeta. Maboksi, kamba ya katani, udongo wa rangi tatu. Nimemwona baba mzima, na tai shingoni, akikimbiza kuku wa jirani apate manyoya. Wanaogopa mtoto asije akaachwa nyuma kwa sababu ya kitu ambacho wangeweza kukitafuta. Ukimwambia mzazi wa namna hiyo alete moto, ataleta moto, tena ameufunga kwa karatasi usikuchome.

"Huyo mama ni wa wapi?" nikamuuliza fundi.

"Ni wa Kibera. Huwa anakuja kufua nguo huku Gatina. Kwani nini, mwalimu? Mbona umekauka hivyo?"

Somo lilikuwa siku hiyohiyo, saa nane. Nikampigia mwalimu simu, haikushikwa. Nikapiga tena. Ndipo nikakumbuka kwamba pale shuleni simu za walimu hukaa kwenye droo ya mwalimu mkuu mpaka saa saba. Wakati huo ilikuwa haijafika saa nne, na saa nne ni saa ya mapumziko. Watoto hutoka, hukimbizana, huona kiu. Na watoto wa Nairobi hunywa maji kutoka chupa gani? Chupa za soda.

Niliacha betri yangu hapohapo kwa fundi, nikapanda bodaboda. Nikamwambia mwendeshaji Kambi Muru, haraka. Mimi ni mtu wa kugombana na hawa vijana kila siku wapunguze mwendo, na siku hiyo nilikuwa nikimgonga mgongoni aongeze. Akageuza kichwa kidogo.

"Mathe, kuna mgonjwa?"

"Bado," nikamwambia.

Aliongeza mwendo.

Kichwani nilikuwa nikiona midomo, midomo ya watoto tu. Nilijaribu kuomba, sala ikanitoka nusunusu, nikajikuta ninahesabu badala yake. Darasa lina watoto arobaini na kitu. Kama mmoja wa wazazi wao amefika mpaka kwa fundi wa Kawangware, wangapi wamepata hapohapo Kibera, ambako mafundi wa betri hawakosekani? Nikiogopa huwa ninakasirika, na nilimkasirikia kila mtu: fundi kwa kupima, mwalimu mkuu kwa droo yake, mwandishi wa kitabu kwa kuandika orodha mbili. Nilipomaliza watu wa kukasirikia nikabaki mimi.

Nilifika kengele ikilia. Watoto walikuwa wanamwagika nje, na karibu kila mmoja ana chupa mkononi. Nilipaza sauti, "Hakuna kunywa! Wekeni chini chupa!" Wakasimama wakanitazama, mama mzee asiyejulikana, kitambaa kimeteleza kichwani, anapiga kelele kwenye uwanja wao. Mmoja akanywa akinitazama. Yalikuwa maji. Najua yalikuwa maji kwa sababu alifunga kifuniko na kuendelea na mchezo, lakini sekunde zile mbili nilizeeka.

Mwalimu alitoka mbio. Nikamvuta kando, nikamwambia kwa maneno machache. Uso ulimbadilika rangi. Hakuniuliza kwa nini, wala hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Aliwarudisha watoto wa Gredi ya Saba darasani kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyesahau kuwapa tangazo.

Dawati la nyuma lilikuwa limepangwa vizuri kwa ajili ya somo. Maji ya maua ya bogenvilia kwenye kikombe, ndimu zimekatwa, vipande vya sabuni, na safu ya chupa zenye vitu visivyo na rangi. Siki, maji ya majivu yaliyochujwa, maji tu. Ukitazama, huwezi kujua hiki ni kipi. Mwalimu alisimama mbele, akauliza polepole, "Nani ameleta asidi ya betri?"

Mikono mitatu ilinyanyuliwa, juu kabisa, kwa furaha, kama ya watoto wanaojua jibu. Mikono ya kujivunia. Wengine walikuwa wameleta ndimu tu na sabuni, vitu vya kila nyumba, na hawa watatu walikuwa na kitu cha maana. Chupa mbili zilikuwa pale nyuma. Ya tatu ilikuwa ndani ya mkoba wa mvulana mmoja, imelala ubavu kwa ubavu na chupa yake ya maji ya kunywa, zote mbili za soda ileile. Niliitoa mwenyewe. Mwalimu akanishika kifundo cha mkono, tukaibeba pamoja kama watu wawili wanaobeba yai. Tuliziweka zote kwenye beseni lenye majivu, na beseni likafungiwa ofisini. Nikapumua mara ya kwanza tangu Kawangware.

Ndipo msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono nusu, wa kuogopa kukosea.

"Ticha, hata sisi tuko nayo. Lakini mathe alikataa nisibebe. Amesema ataleta mwenyewe saa nane."

"Iko wapi sasa?"

"Iko home."

"Na nani yuko home?"

"Brathe yangu. Mdogo."

Hofu ya kwanza ilikuwa ya wengi. Hii ya pili ilikuwa ya mtoto mmoja, na ilikuwa mbaya zaidi. Mwalimu hakuweza kuacha darasa, kwa hiyo nilitoka na yule msichana. Alitembea mbele yangu akiruka mitaro kama mtu aliyezaliwa kwa kuiruka, na mimi nyuma, magoti yakilalamika, nikimuuliza maswali. Ana miaka mingapi? Mitatu. Anajua kufungua chupa? Anajua, ticha, hata ya soda mpya anafungua kwa meno. Mama yuko? Labda ameenda maji, lakini huwa hakawii, na jirani humchungulia mtoto.

Mlango ulikuwa wazi, pazia limeteremshwa. Nilipolisukuma, nilimwona mtoto amekaa sakafuni, miguu imenyooka, ameshika chupa ya soda kwa mikono miwili, anakunywa.

Sikumbuki kuvuka chumba. Nakumbuka nilimnyang'anya chupa, akaanguka chali akilia, na nikafanya jambo ambalo nimewakataza wanafunzi maisha yangu yote ya ualimu. Niliionja. Nikaiweka mdomoni mwangu moja kwa moja, sijui ni kitu gani, kwa sababu sikuweza kungoja kujua kwa njia nyingine. Ilikuwa juisi ya unga, ya kuchanganya na maji, tamu ya kuudhi. Niliketi kitandani kwa watu bila kukaribishwa, nikaanza kulia pamoja na mtoto.

Hivyo ndivyo mama yake alivyotukuta. Aliingia na mtungi wa maji mkononi, mwanamke mwembamba wa makamo, akatazama mwanawe anayelia, mgeni anayelia, na binti yake ambaye angepaswa kuwa shuleni. Akaweka mtungi chini.

"Nani amekufa?" akauliza.

Msichana akamweleza kwamba mimi ni mwalimu, nimekuja kuchukua ile asidi. Mama akatulia mara moja, hata akatabasamu. Alipanda juu ya stuli, akaingiza mkono juu ya kabati, nyuma ya Biblia, akateremsha kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na chupa, imefungwa kwa karatasi za nailoni mbili, na kamba juu.

"Si ningeleta mwenyewe saa nane, madam. Niliona hii kitu si ya mtoto kubeba," alisema. Akaenda kwenye meza, akafunua sinia. "Na hizi hapa zingine. Nimepata zote."

Ndimu mbili zilizooshwa. Siki kwenye kifuniko cha chupa. Kipande cha sabuni kipya, kilichokatwa sawasawa kwa kisu. Majivu kwenye mfuko. Karatasi yangu ilikuwa kando, na mbele ya kila kitu alikuwa ameweka alama ya vema kwa kalamu. Vitano vyote. Mstari wa mwisho wa karatasi ulisema viwili vinatosha.

Nilimuuliza kama asidi ilimgusa. Akasita, kisha akacheka kwa aibu, akavuta sketi kidogo juu ya goti. Chupa ilikuwa imevuja ndani ya mfuko alipokuwa akirudi kutoka Kawangware, mfuko umelala pajani. Ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka, upana wa kiganja. Alifika nyumbani akaisafisha kwa maji mengi, akadhani ni upele. Ile sketi ya jana, ya kanisani, aliyovaa kwa sababu zile zingine zilikuwa hazijakauka, aliifua ikatoka na matundu. Alidhani ni panya.

"Twende zahanati," nikamwambia.

"Haiumi sana. Nitaenda nikitoka shule." Halafu akashika karatasi, akaitazama. "Madam, umekuja kuchukua kwa nini? Kwani haikuwa inatakikana?"

Niliitazama karatasi mkononi mwake, naye akaendelea.

"Ni mimi sikuelewa? Maanake nilisoma mwenyewe. Zile za Kizungu huwa napelekea jirani anisomee, na siku zingine hana time. Hii nilisoma peke yangu. Nilisoma mara mbili, nikamwambia huyu msichana, leo hakuna kusumbua jirani." Alisema hivyo akimtazama binti yake, na binti alitazama chini. "Kama nilisoma vibaya, niambie tu."

Na hapa ndipo nilipoogopa kuliko pale uwanjani, na ninaona haya kuliandika. Kwa sababu nilikuwa nimepewa mlango wa kutokea. Neno moja tu, "ndiyo mama, hukuelewa vizuri," na zaidi ya yule mwalimu kijana, hakuna ambaye angejua. Si mwalimu mkuu, si wazazi wengine, si mtu wa zahanati. Mwanamke huyo angekubali. Alikuwa ameshakubali nusu. Nilifungua mdomo bila kujua maneno yatatoka upande gani.

"Ulisoma sawasawa, mama," nikasema. "Hakuna neno ulilokosea. Mimi ndiye niliyeandika. Niliandika vibaya. Asidi haikufaa kuwa kwenye hiyo orodha hata kidogo. Nisamehe."

Hakunifokea. Nilitamani anifokee. Alivuta sketi ikafunika goti, akaipangusa kana kwamba kuna vumbi. Aliisoma karatasi tena, midomo ikisogea, kutoka juu mpaka chini, kisha akaweka kidole kwenye kitu cha kwanza.

"Na hii ndimu?"

"Ndimu ni sawa."

"Na majivu?"

"Majivu pia ni sawa. Hayo yote mengine ni sawa kabisa."

"Sawa," alisema, lakini alisema kama mtu anayenunua kitu kwa muuzaji aliyewahi kumpunja. Alimwinua mtoto mdogo, akampangusa kamasi, akamrudishia juisi yake. Kisha akakunja karatasi mara nne na kumpa binti yake.

"Rudisha shule," akamwambia. "Na ikija ingine, niletee ya Kizungu, nipeleke kwa jirani."

Msichana alisema sawa, mama.